Mashine Iliyolishwa kwa Mkono wa Kulia

Kila asubuhi kabla ya chai, baba mkubwa alikwenda bandani na spana, akaigonga mashine ubavuni, akatega sikio. Kisha alitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuona mengi, akarudi mezani kutuarifu kwamba imeamka salama. Hatukuwahi kusikia kwamba imeamka vibaya. Ubaya wake ulianza saa ya kufanya kazi.

Tulimwita Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe, sisi tuliitikia tu, maana ukimwita kwa jina alilozaliwa nalo hakugeuka. Hakuna chuo kilichomfundisha, na yeye alilitaja hilo kama sifa. Alisema waliosoma wanaharibu mashine kwa kuzisoma, kana kwamba mashine ni mtu mwenye haya.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kufunga nyasi kavu marobota ya mviringo. Inavutwa na trekta juu ya mstari wa nyasi zilizokatwa na kuanikwa. Meno yake yanaokota nyasi, mikanda iliyoko tumboni inazizungusha kama mtu anayekunja mkeka, na tumbo likijaa kamba inazungushwa, mlango wa nyuma unafunguka, robota linadondoka chini zuri, la mviringo, limekazana. Ndivyo inavyotakiwa.

Ya kwetu ilidondosha ndoo. Sitii chumvi. Upande wa kulia wa robota ulikuwa mnene, umekaza kama gogo, na upande wa kushoto mwembamba, umelegea kama soksi ya mzee. Ukilisukuma ili liende ghalani, halikwenda. Lilizunguka, lilizunguka, likarudi miguuni pako kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Watoto walilipenda sana. Ng'ombe hawakulipenda, kwa sababu mvua ilipenya ule upande uliolegea, ikaweka ukungu ndani, na ng'ombe wetu, ambao mambo mengine hawana akili nayo, kwa ukungu wana akili timamu. Kiangazi kilichopita walinusa, wakageuza shingo, na maziwa yakapungua.

Bibi ndiye aliyekuwa na ng'ombe, na shamba, na kwa kusema ukweli, na sisi sote. Hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele mlangoni alipomwambia mwanawe kwamba msimu huu mashine ikitoa ndoo tena, itakwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na nyasi zitafungwa na jirani ambaye ana mashine mpya. Akatupa kijiwe, akaendelea kuchambua.

Injinia alicheka, lakini chai yake siku hiyo haikwisha. Kila mtu nyumbani alijua kwa nini. Mdogo wake, yaani baba yangu, alikuwa na duka. Mke wake, mama mkubwa, alikuwa anakamua, anaendesha trekta kupeleka maji, anauza maziwa, anajua kila ng'ombe anapenda kukunwa wapi. Yeye alikuwa na mashine. Mashine ikiondoka, atabaki mwanamume mwenye spana asiye na cha kugonga.

Basi akaanza uchunguzi. Wiki ya kwanza kosa likawa la mikanda. Alilala chini ya mashine tangu asubuhi, miguu tu ndiyo ikionekana, akaipima mikanda kwa uzi, akatangaza kwamba imetanuka kwa uzee na haifanani urefu. Ilikuwa kweli. Akaibadilisha yote, akajaribu kwenye kipande cha shamba kilicho karibu na nyumba. Ikatoka ndoo yenye mbavu laini kabisa.

Baada ya hapo kosa likahamia kwenye beringi. Moja ilikuwa inalia kama mlango wa choo, na aliposema ndiyo inayovuta mashine upande mmoja, tulimwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi kuliko kumsikiliza. Akaing'oa, akaweka mpya, akaipaka grisi hadi kwenye nyusi zake. Mashine ikanyamaza kabisa. Ikatoa ndoo kimya kimya.

Ikaja zamu ya springi, ikaja zamu ya cheni, ikaja zamu ya hewa kwenye matairi. Mama mkubwa alimpelekea chakula bandani na kumwuliza kwa upole kama hajafikiria kwamba labda kosa haliko ndani ya mashine. Injinia akamwambia kwamba nje ya mashine hakuna kitu, ni hewa tu, na hewa haina bolti.

Alipomaliza vyote vya kutengeneza, aliingia kwenye kuboresha. Alisema fundi wa kawaida anatibu, lakini injinia anaboresha. Muuza vipuri wa mjini, mtu mcheshi ambaye hajawahi kukutana na tatizo lisilotibiwa na kitu kilichoko dukani kwake, akamuuzia kifaa cha kufungia wavu badala ya kamba. Injinia akakata vyuma, akachomelea, akachoma na fulana yake moja, na mwishowe mashine ikawa inavalisha marobota wavu mweupe safi. Ndoo yetu sasa ilikuwa imevaa shela. Bibi aliitazama, akauliza arusi ni lini.

Kilichofuata ni kisanduku. Muuza vipuri alikileta mwenyewe, kikafungwa mbele ya usukani wa trekta, na nyaya zake zikashuka hadi tumboni mwa mashine. Kilikuwa na taa mbili, moja kulia na moja kushoto. Alitueleza sote, kikombe mkononi, kwamba ndani kuna vipimo vinavyogusa mikanda, na upande ukipungukiwa nyasi, taa ya upande huo inawaka. Dereva akiona taa, asogeze trekta ili mstari wa nyasi uingie upande wenye njaa. Hata mtoto anaweza, alisema. Injinia alikuwa ameanza kuitikia kabla sentensi haijafika katikati. Alikuwa na kipaji hicho cha kuelewa jambo kabla halijasemwa.

Akaenda shambani. Taa ya kushoto ikawaka alipoanza, ikawaka alipokata kona, ikawaka alipokula, ikawaka mpaka jua linakuchwa. Mtu mwingine angejiuliza. Injinia alituambia kwamba kisanduku ni kibovu, akachukua utepe mweusi wa nyaya na kuiziba ile taa ili isimpotezee akili.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo sote tulilijua, na kwa kuwa tulilijua tangu zamani hatukuliona. Injinia aliendesha akiwa ameuacha mstari wa nyasi upande wake wa kulia, daima, akigeuza shingo juu ya bega la kulia kuutazama. Shingo ilikwisha kuzoea kiasi kwamba hata mezani alikuangalia kwa jicho la pembeni, kama kuku. Ukimwuliza sababu, alikwambia ndivyo alivyofundishwa na marehemu babu: mashine ni mdomo, na mdomo unalishwa kwa mkono wa kulia. Kuilisha kwa kushoto ni kuikosea adabu. Sisi tulioambiwa hivyo tulitikisa kichwa, maana nyumbani kwetu hata mtoto wa kunyonya akinyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani anapigwa kofi. Kwa hiyo mashine ililelewa vizuri. Miaka yote hiyo ilishibishwa kulia kwa heshima, na kushoto ikafa njaa.

Siku aliyokwenda mjini kumgombeza muuza vipuri, wingu likakusanyika. Nyasi zilikuwa zimelala shambani, zimekauka vizuri, na mvua moja tu ingezifanya mbolea. Bibi akasimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akasema apande yeyote anayejua klachi iko wapi. Mama mkubwa akafuta mikono kwenye kanga, akapanda.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuubandua ule utepe. Hakuwa na nia yoyote, alisema baadaye, aliona uchafu tu. Taa ya kushoto ikawaka, akasogeza trekta kidogo. Ikazimika, ikawaka ya kulia, akarudi. Akaenda hivyo, huku na huku, kama mlevi anayetafuta nyumba yake, na sisi tukaogopa ataangusha trekta mtaroni. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka. Likadondoka robota. Nilizunguka kulitazama pande zote mbili. Lilikuwa sawasawa kama ngoma. Tukalisukuma, likaenda moja kwa moja mpaka kwenye ua na kuvunja nguzo. Tulishangilia nguzo ilivyovunjika.

Injinia aliporudi, nusu ya shamba ilikuwa imejaa ngoma na mvua ilikuwa imepita mbali. Alisimama getini na mfuko wa bolti mkononi. Bibi akafungua mdomo, lakini mama mkubwa alimwahi.

"Ile mikanda yako imeshika, Injinia," alisema. "Ilikuwa inataka kuzoea tu."

Wote tukaitikia, mikanda, naam, mikanda, na baba yangu akaongeza beringi. Tukamvika kilemba cha ukoka, na siku hiyo ukoka haukuwa wa kutafuta. Uso wake ulifunguka. Akalizunguka robota moja baada ya jingine akilipiga makofi, akatueleza jinsi mkanda mpya unavyochukua muda kujifunza tabia ya mashine. Alieleza vizuri sana. Mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Usiku ule wakati wa kula mama mkubwa alimwambia, kwa sauti ya kuomba chumvi, kwamba kesho asiizibe taa, inapumzisha macho.

"Taa ni ya wanafunzi, mama watoto," Injinia akajibu.

Angeenda shambani peke yake, labda mambo yangejificha. Lakini mtu aliyeshinda anataka shahidi. Asubuhi alimwita jirani, yule mwenye mashine mpya, aje aone kazi ya mikono badala ya kazi ya pesa. Jirani akaja amevaa viatu safi. Bibi akaletewa kiti. Injinia akabandika utepe wake upya, akakaa, akageuza shingo juu ya bega la kulia, akaondoka.

Mama mkubwa aliangalia chini muda wote.

Robota la kwanza likadondoka. Jirani, mtu mwenye adabu, alilisukuma kidogo kwa ncha ya kiatu. Likazunguka taratibu, na shela yake, likarudi na kumkanyaga.

"Jirani," akasema, "hili robota halijataka kuaga."

Injinia akasema mashine bado ya baridi. Robota la pili likawa ndoo. Akasema nyasi za upande huu zina umande. La tatu likawa ndoo kubwa kuliko ya pili. Akaanza kuzungumzia springi, na sauti yake ikaanza kupanda, na wingu lile la jana likawa limerudi na wenzake.

"Mpishe mkeo," Bibi akasema.

Mama mkubwa akadai kwamba mgongo unamuuma. Hajawahi kuumwa mgongo tangu aolewe.

"Mpishe," Bibi akasema tena. "Yale ya jana kafunga yeye. Kaiachia taa, kalisha kushoto na kulia. Mikanda gani."

Injinia hakumtazama Bibi. Alimtazama mke wake, na mke wake akatazama nyasi, na hapo alijua. Tungemtukana sote kwa pamoja isingemfikia kama ule upole wa jana ulivyomfikia sasa. Akasema, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba yeye amefuata alivyofundishwa na baba yake. Mkono wa kulia. Adabu ya mashine.

Bibi akacheka. Naamini hakukusudia ubaya. Ni kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo tamu la zamani.

"Mwanangu, baba yako alikuwa anakutania. Ulikuwa mtoto, unauliza maswali mpaka unachosha, akakwambia hivyo unyamaze. Tulicheka siku nzima."

Jirani akaanza kutazama viatu vyake. Trekta lilikuwa linanguruma, na hakuna aliyelizima. Injinia akashuka upande wa kushoto, sijui kwa nini nililiona hilo, akajifuta viganja kwenye suruali, grisi ikazidi kuenea. Mama mkubwa akamshika mkono wa shati. Injinia aliutoa mkono wa mkewe polepole, kidole kimoja kimoja, kama anavyotoa nyasi zilizonasa kwenye meno ya mashine.

"Nakwenda kunawa," akasema.

Bomba letu liko kando ya banda. Alilipita. Alilipita banda, akaipita nguzo iliyovunjika, akafungua geti na kulifunga vizuri nyuma yake ili ng'ombe wasitoke, akashika barabara. Tulidhani anakwenda kuvuta hewa. Tone la kwanza likaanguka, Bibi akapiga kofi, na mama mkubwa akapanda trekta kwa sababu nyasi hazingojei mtu. Alifunga nyasi zote zilizobaki akiwa anawasha taa hii na kuzima ile, huku na huku, na kila alipofika mwisho wa mstari aligeuza shingo kuangalia geti.

Marobota yalikuwa mazuri. Ng'ombe walikula kiangazi kizima bila kununa. Bibi alisema asifuatwe, njaa itamrudisha, na njaa nayo ikakataa kutumwa.

Mpaka leo anaendelea kunawa.