Askofu wa Bluu

Harufu ilinipokea kabla sijavuka mlango: chaki iliyoloa, udongo, na kwa mbali joto la tanuri. Ni kiduka kidogo pale mtaa wa Al Mansoura, huku ughaibuni ninakoishi na wanangu, kati ya fundi cherehani na muuza simu, ambako siku za Ijumaa watoto hukaa mezani wakichora kwenye sahani. Mjukuu wangu Neema ndiye aliyenivuta mkono. "Yallah, Babu, tutakosa viti!" Mimi nikabaki nimesimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la zamani. Na jina hilo, nawaambia ninyi tu, lilikuwa Kideri.

Nikiwa na miaka kumi na mitatu, misheni yetu kule kusini mwa Tanzania ilikuwa na karakana ya vyombo vya udongo. Aliyeiendesha ni Bruda Aldo, Mwitaliano mwenye ndevu zilizojaa vumbi jeupe. Sisi wa darasa la saba tulikwenda kwake mchana. Sahani ilichovywa kwanza kwenye uji mweupe, ikakauka, ndipo ukachora juu yake. Hukuruhusiwa kukosea, maana uji ule uliinywa rangi papo hapo. Hapakuwa na kufuta.

Tulipokuwa tukisubiri tanuri lipoe, Bruda alitusimulia habari za mchoraji wa mji wao, wa zama za babu wa babu yake. Alianza kwa kupamba dari za makanisa, akapata sifa, akaitwa kuchora matajiri. Tajiri mmoja hakuipenda picha yake. Mbele ya wageni aliigeuza itazame ukuta, na watu wakacheka. Mchoraji akaachana na turubai, akaenda kujifunza udongo akiwa mtu mzima, akikaa benchi moja na vijana. Akawa bingwa. Kisha akauchora uso wa yule tajiri ndani ya mabakuli ya supu, mabakuli mengi ajabu, na mji mzima ukayanunua. "Kila siku," Bruda alisema, machozi ya kicheko yakimtoka, "watu wanammwagia supu moto usoni!"

Hadithi haikuishia hapo. Lakini mimi niliishia hapo, maana nami nilikuwa na tajiri wangu.

Aliitwa Damiani. Alikuwa yatima aliyelelewa na bibi yake, mwenye masikio mapana, pengo mbele, na mkono mwepesi kuliko wetu sote. Siku moja nilichora jogoo niliyempenda sana. Damiani akachungulia begani kwangu. "Jamani, shingo hiyo! Huyu ana kideri, mchinjeni kabla hajaambukiza wengine!" Hata Bruda alicheka. Kufikia jioni shule nzima iliniita Kideri. Wiki haikwisha, dada yangu naye akawa ananiita kula kwa jina hilo.

Kisha ikatangazwa kwamba askofu atakuja, naye atapewa sahani yenye picha yake. Atakayeichora vizuri angebaki karakanani baada ya mtihani, kwa mshahara na chakula cha mchana. Bruda akamchagua Damiani aichore. Bibi yake alikuja mpaka pale, akapiga magoti kushukuru.

Rangi ya bluu na ya kahawia, zikiwa bado unga, zote ni nyeusi kama masizi. Moto ndio unaozitenganisha. Wenzangu walipokwenda kula, nilihamisha unga wa kopo hili kwenda lile, na wa lile kuja hili. Nilikuwa na furaha tamu ambayo sikuipata tena hata siku ya harusi yangu, na sioni faida ya kuwaficha. Siku mbili nilikaa kando ya Damiani, nikimwoshea brashi, nikihesabu kila mstari aliouweka kwenye uso ule mtakatifu.

Tanuri likafunguliwa. Askofu alitoka wa bluu kama mtu aliyeopolewa mtoni, chini ya mbingu za rangi ya tope. Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Kicheko hicho ndicho nilichokuwa nikikisubiri.

"Mzaha wako umezidi!" Bruda alifoka. Na kwa kuwa Damiani alikuwa mtu wa mizaha, nani angemwamini?

Damiani aliitazama sahani, akayatazama makopo, kisha akanitazama mimi. Alivua aproni, akaitundika, na aliponipita akanong'ona, "Haya, jogoo amepona?"

Nafasi yake nikapewa mimi, nayo ndiyo iliyonisomesha hadi kidato cha nne. Yeye alikwenda Tanga kukata mkonge, sikumwona tena. Bibi yake alipofariki sikwenda kumzika. Miaka mingi niliyashika maneno yale kama tusi jingine, nikasema moyoni kwamba alistahili. Nimechelewa mno kuelewa kwamba sentensi moja kwa Bruda ingetosha kunimaliza, naye hakuisema.

"Babu, nichore mimi," Neema alisema, akanisogezea sahani.

Sikuwa nimeshika brashi tangu ujana wangu. Nilianza na shavu lake, taratibu, nikawa nasikia raha. Nilipouinua mkono, palikuwa na masikio mapana, na pengo.

"Huyu siyo mimi!"

Ndipo nikakumbuka mwisho wa hadithi ya Bruda, ambao nao tuliucheka. Mchoraji yule alipozeeka, binti yake alimwomba amchore kabla hajaolewa. Alijaribu sahani baada ya sahani. Mkono ulitoa uso mmoja tu, wa yule tajiri. Ndio pekee uliokuwa umebaki ndani yake.

Neema alilowesha kidole kwa mate, akasugua. Rangi ilikuwa imeshanywewa.

"Ni nani sasa, Babu?"

Nikamtajia jina lake. Kisha nikamtajia langu, Kideri, na kabla hajamaliza kucheka nikaanza kumweleza habari ya makopo mawili.