Baiti Mbili za Tanki la Kansay

Baba yangu alilinda tanki la maji la kijiji chetu, Kansay, tangu nikiwa shule ya msingi. Kila asubuhi alipanda ngazi ya chuma, akachungulia, kisha akawaambia watu kama maji ya mifugo yapo au ni ya ndoo tu. Magoti yalipoanza kumsumbua, mimi binti yake niliyesomea kompyuta, nikiwa nafanya kazi Karatu mjini kwenye mitambo ya hoteli za watalii, nilimwekea kipimo ndani ya tanki. Kilipima kina cha maji kwa milimita na kutuma namba kwenye rauta kuukuu, kisanduku cha intaneti kilichotupwa na hoteli moja. Humo ndimo ilimokaa programu yangu. Ilisoma namba na kumtumia baba ujumbe wa simu.

"Siku hizi napanda ngazi kwa kidole," aliwaambia majirani, akicheka.

Tulienda hivyo kiangazi kimoja na masika yake. Kisha radi ikaiunguza rauta. Nilinunua kompyuta mpya isiyozidi kiganja, nikahamishia programu ileile bila kugusa mstari hata mmoja, nikawahi gari la kurudi kazini. Siku mbili simu ya baba ikaandika "subiri". Nilijua kwa nini: namba yoyote iliyozidi urefu wa tanki, programu iliitupa na kutuma neno hilo. Lakini sikujiuliza namba hizo kubwa zilitoka wapi.

"Itatulia, baba," nilimwambia kwa simu.

Siku ya tatu ikaja namba: 2048. Mita mbili na ushei. Baba alikuwa amesikia kwamba pampu ya kujaza tanki imeharibika, ila alipoiona namba ile aliamini fundi ameshaiwasha na tanki limejaa. Asubuhi hiyo mama mmoja mjane, wa huko bondeni upande wa Ziwa Eyasi, alimpigia kuuliza: apeleke ng'ombe kijiji cha Endamarariek au awapandishe kwetu?

"Walete," baba akamjibu. "Maji yapo."

Yeye na ng'ombe wake walitembea tangu asubuhi hadi jua la saa nane, kiangazi kile ambacho hata majani ya mahindi makavu yalikuwa yamekwisha. Baba alifungua bomba la birika la kunyweshea. Likakohoa, likatoa matope, likanyamaza. Majirani walitoa ndoo walizokuwa nazo, lakini ng'ombe wale walihitaji zaidi ya ndoo. Ndama wawili walilala kando ya uzio, hawakuinuka tena. Ng'ombe aliyemzaa mmoja wao alikufa wakati wa kurudi.

Nilifika kesho yake. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, simu imelazwa kifudifudi chini. Hakunilaumu. Nilikwenda kwenye mtambo, nikaiamuru programu inionyeshe baiti zenyewe, yaani vipande vya namba, kama zilivyofika. Zilikuwa mbili: sifuri, kisha nane.

Milimita nane. Tope la sakafuni mwa tanki.

Namba inayozidi mia mbili hamsini na tano haienei kwenye baiti moja. Hugawanywa sehemu mbili, kubwa na ndogo, kama makumi na mamoja. Kipimo kilituma kubwa kwanza. Rauta kuukuu nayo ilihesabu kubwa kwanza, kwa hiyo walielewana. Kompyuta mpya ilihesabu ndogo kwanza, kwa hiyo ile nane ikawa sehemu kubwa, na namba ikasomeka 2048. Nami nilikuwa nimezoa baiti zote mbili kwa mkupuo, nikaiachia mashine iamue ipi ni ipi. Nilipaswa kuandika wazi: chukua ya kwanza, izidishe mara mia mbili hamsini na sita, ongeza ya pili. Mashine yoyote ingeelewa. Nililifahamu jambo hilo tangu chuoni.

Nilirudi kwa baba nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kipimo hakikudanganya?"

"Hapana, baba. Kilisema kweli. Mimi ndiye niliyeisoma namba kinyume."

"Basi mwambie yule mama. Nikimwambia mimi, ataona namsingizia mwanangu."

Tuliteremka bondeni pamoja, polepole kwa ajili ya magoti yake. Mama yule alitukaribisha, akatupatia maziwa, na hilo lilinishinda kuliko matusi. Nilimweleza bila kumtajia baiti wala mashine. Nilisema kosa ni langu, si la mzee.

"Binti yangu," akasema, "mimi sikuiuliza simu. Nilimuuliza baba yako."

Baba aliinamisha kichwa.

Wiki ile niliandika upya mistari ile, nikaijaribu kwenye mashine tatu za aina tofauti, namba zikawa sawa kote. Nilipomwambia baba, aliitikia tu, "Vizuri, mwanangu." Alikuwa amekwisha kurudisha ufunguo wa tanki kwa kamati ya maji. Hakuna aliyemwomba aurudishe. Walimsihi abaki, akasema magoti.

Alifariki masika ya mwaka uliofuata, kwa kichomi. Mazishini watu walimsifu kwa mengi: shamba lake, sauti yake kanisani, ugomvi wa mipaka aliousuluhisha. Nilikaa nikisubiri mtu alitaje tanki, hata kwa uzuri wa miaka ile yote ya ngazi. Hakuna aliyelitaja.