Muuguzi Aliyeanza na Kosa Lake

Habari za msiba zilinifikia Ijumaa, kutoka kwa jirani wa marehemu, mtaa wa Cheyo mjini Tabora. Marehemu alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilikuwa mtoa dawa. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulifanya kazi pamoja katika kituo kidogo cha afya nje ya Tabora, barabara ya Nzega, yeye akiongoza wodi ya wazazi.

Mchana mmoja mke wa fundi cherehani wa mtaa wa Isevya alijifungua salama kwetu, kisha akaanza kutoka damu nyingi. Dawa ya kuizuia ilikuwamo kabatini, na kabati lilikuwa limefungwa. Muuguzi alikuwa ameitwa kikaoni mjini, akaondoka na ufunguo. Tulipofanikiwa kuvunja mlango wa kabati, mama alikuwa amekwisha kukata roho. Mtoto alipona.

Kesho yake mganga wetu mkuu alitaka kumwandikia mkunga aliyekuwa zamu barua ya onyo. Nakiri kwamba nilipumua, kwa kuwa jina langu halikutajwa. Muuguzi akaomba kwanza tukae wote, hata mfagiaji. Tulipokaa, akasimama.

“Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu,” alisema. “Nilisahau kuuacha. Msimtafute mwingine.”

Kisha akamwomba kila mmoja aeleze alichokiona. Mfagiaji, bibi wa Kinyamwezi, alimgeukia muuguzi, akasema, “Nilikuona ukiondoka nao, mwanangu. Nikajiuliza, mimi wa ufagio nitamwambia nini muuguzi?” Baada ya hapo nilishindwa kunyamaza. Ufunguo wa akiba ulikuwa umepotea mikononi mwangu wiki kadhaa nyuma, nami nikaficha kwa kuogopa lawama. Barua ya onyo haikuandikwa.

Jioni ile muuguzi alinichukua tukaenda Isevya. Alimweleza mfiwa yote, bila kujitetea. Yule fundi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Mngenyamaza nisingejua,” alisema hatimaye. “Sasa mmenijulisha. Nataka kujua mmebadilisha nini.”

Tulikuwa bado hatujabadilisha kitu. Tulipokuwa tukirudi, muuguzi alilia njiani, mara ya pekee niliyomwona akilia. Wiki hiyo dawa ile ilitolewa kabatini ikawekwa chumba cha kujifungulia, na mfagiaji akapewa kazi ya kuikagua kila asubuhi na kusema kwa sauti ikiwa haipo. Tangu hapo, kila Jumatatu tulikaa wote kuelezana tulipokosea. Baada ya mwezi fundi alikuja mwenyewe kuangalia. Muuguzi alimtembeza, akamwonyesha kila kitu. Fundi hakutushukuru, aliitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Zama zile tulihutubiwa sana juu ya usawa, na wengi wetu tulipiga makofi kwa dhati. Lakini mimi usawa niliuona katika vikao vile vya Jumatatu, pale neno la mfagiaji lilipoweza kubadilisha kazi ya mganga. Leo nasikia vituo vikipata mashine mpya, nami nafurahi. Ila wagonjwa watakuwa salama zaidi mahali ambapo mkubwa anaweza kusema mbele ya wadogo kwamba amekosea, kisha akakaa chini awasikilize.