Alisikia Nikiuliza, Akanyamaza

Admin nifichie jina, na nyie wa Mafia mtakaonijua kwa haya maneno, naomba mnyamaze, kunyamaza mnakujua. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, nakaa Utende. Shule niliishia darasa la tano baba alipougua. Nikikosea herufi mnisamehe, herufi ndizo zilizonifikisha hapa.

Kazi yangu ni kuandika majina na namba kwenye boti, na mabango ya maduka. Watu huuliza, asiyesoma anaandikaje? Mimi nachora. Herufi kwangu ni kama sura ya mtu, nikishaiona siisahau. Kinachonishinda ni kuongea. Penye watu nakaa pembeni naangalia tu.

Nina mchumba, nimwite Mwanaidi, si jina lake. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, anayemlea na atakayemwozesha ni baba yake mkubwa. Mzee huyu alikuwa karani Dar, amestaafu, na watu wanamwita Mzee Karani. Kiingereza chake ndiyo heshima yake, mtu akipata barua ya ofisini anampelekea yeye amsomee. Posa yangu aliipokea, ila tarehe ya ndoa akawa anaizungusha. Mara tutaona, mara subiri kwanza nifungue duka.

Duka lenyewe ni la madaftari, kalamu na fotokopi, pale Kilindoni. Akaniita nimwandikie ukutani. Nilifurahi jamani, nikasema hapa ndipo ataniona mtu. Akanipa karatasi kaandika kwa mkono wake, jina la duka na chini yake STATIONARY. Nikapiga mistari ya chaki, nikaanza. Mwanaidi alikuwa ndani anapanga madaftari. Akafungua boksi la karatasi, akaliweka karibu na ngazi yangu. Nikaliangalia lile boksi. Neno ni lile lile ila sura si ile. Karibu na mwisho, mzee kaandika A, kwenye boksi kuna E.

Nikashuka. Mimi kumuuliza mkubwa ni kazi. Nikasema, "Baba mkubwa samahani, hili neno kwenye boksi lina E, na wewe umeniandikia A. Niandike lipi?" Alikuwa amekaa na wazee watatu kwenye baraza ya duka. Akavua miwani. "Wewe umeishia darasa la ngapi?" Nikamwambia la tano. "La tano! Jamani sogeeni, leo nimepata mwalimu wa Kiingereza!" Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. "Boksi hilo la Wachina, Mchina anajua nini? Panda ngazi, andika nilichokuandikia."

Mwanaidi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, daftari mkononi. Alisikia yote. Nikapanda, nikaiandika hiyo A, na niliiandika vizuri.

Siku ya kufungua duka ilisomwa dua, watu wakala halua na kahawa. Akaja mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa bara, akasimama anatazama ukuta huku anatabasamu. Akasema kwa adabu tu, "Mzee, hii yenye A maana yake ni kitu kilichotulia hakiendi, kama gari limeegeshwa. Ya karatasi na kalamu ni ile yenye E." Kijana mmoja akadakia, "Basi hili duka limeegeshwa!" Kicheko kikaanza mlangoni kikatoka mpaka barabarani.

Mzee Karani hakupepesa macho. Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Si mnaona? Ndiyo shida ya kumpa kazi mtu asiyesoma. Mimi nimemwandikia sawasawa, yeye kaenda kuchora ya kwake. Na huyu ndiye anataka kuoa kwangu."

Nikamtazama Mwanaidi. Sikutaka agombane na mtu, neno moja tu, "baba, aliuliza." Akainamisha kichwa, akaanza kupanga kalamu ambazo zilishapangwa. Mimi nikachukua ndoo yangu ya brashi nikaondoka. Tangu siku hiyo nikipita, vijana wananiita Fundi A.

Sasa mzee katuma mtu. Anataka Ijumaa baada ya swala niende pale pale barazani, mbele ya watu wale wale, nimwombe radhi kwa kumharibia jina. Nikishaomba ndiyo atataja tarehe ya ndoa. Nisipoomba, posa yangu anairudisha. Mama anasema, "Mwanangu, mtu anakupa mke na wewe unashika ukweli. Ukweli utakupikia?"

Nilipoonana na Mwanaidi nikamuuliza, "Wewe si ulisikia?" Akasema, "Nilisikia. Ulitaka nimwaibishe aliyenilea? Sema samahani, ni neno moja, unakufa? Yeye ni siku moja, mimi na wewe ni maisha." Nikaondoka, ila ndani naumia. Hayo maisha ndiyo yananitisha. Siku nikisingiziwa kubwa kuliko A, atapanga kalamu tena?

Na mjue kitu kimoja. Ile karatasi ya mzee ninayo, mwandiko wake, wino wake, kila mtu Kilindoni anaujua. Niliikunja nikaiweka tu, sikuwaza mabaya. Jana Mwanaidi kamtuma mdogo wake. "Kaka, dada kasema umpe ile karatasi akuwekee." Nikamjibu siioni. Kumbe iko mfukoni, naigusa.

Nikiitoa, mzee wa watu anavuliwa nguo mbele ya mtaa, na mke nimekosa. Nikiificha, mimi ndiye mjinga wa Kilindoni mpaka nazikwa, na nyumbani nalala na mtu anayejua kwamba sikukosea. Nampenda bado, hilo ndilo linaniudhi.

Ijumaa ni keshokutwa. Ndugu zangu nishaurini, pale barazani niende na samahani au niende na karatasi?