Mvumo wa Mama

Asubuhi za Gendabi zilianza na mvumo. Kabla jogoo wa jirani hajawika, kabla mlima Hanang haujajitokeza vizuri kwenye ukungu, Mama alikuwa tayari zizini, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe wetu mwekundu, mdomo umefungwa, anavumisha. Haukuwa wimbo, maana haukuwa na maneno. Ilikuwa sauti nzito, ndefu, inayopanda kidogo na kushuka, na katikati yake ulisikia maziwa yakigonga kibuyu. Ng'ombe yule alikuwa amefiwa na ndama, na bila mvumo ule hakumwachia mtu yeyote maziwa.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha maneno ya sauti: kunong'ona, kufoka, kuguna, kupayuka. Nyumbani tuliongea Kiiraqw, kwa hiyo kila neno jipya nilirudi nalo kama nguo ya mnadani, nikitafuta litamkaa nani. Kufoka nilimpa Baba. Kupayuka nikampa dada yake, shangazi yangu wa Dongobesh, ambaye akisalimia tu ng'ambo ya bonde wanaitika. Kunong'ona nilikosa wa kumpa. Msimu huohuo Mama alipasuliwa uvimbe wa shingoni, akarudi na bandeji, hana sauti. Daktari alisema huenda itarudi, huenda isirudi.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kunong'ona. Darasani tuliambiwa ni kusema kwa siri, lakini Mama alinong'ona kila kitu: chumvi, kuni, hasira, hata sala ya chakula. Ajabu ni kwamba na sisi tukaanza kumjibu hivyohivyo. Watoto wa jirani wakija walisema "shikamoo" chinichini, na Baba, bingwa wa kufoka, akawa anamuuliza ameamkaje kama mtu aliye kanisani. Mimi niliogopa sana. Nilidhani sauti ya mtu ikipotea, mwenyewe naye huanza kupotea kidogo kidogo.

Na ng'ombe akagoma. Maziwa ya Mama mwenyewe yalikuwa yamekauka alipokuwa amelazwa, na mdogo wangu mchanga alitegemea ya ng'ombe yule. Baba alijaribu kwa mluzi, akapigwa teke. Shangazi alipofika aliimba kwa nguvu zote mpaka kuku wakatawanyika, naye akapata mkia wa uso.

"Ng'ombe gani huyu ana maringo hivi!" alisema, akijifuta tope. "Mtoto afe njaa kwa sababu ng'ombe anachagua sauti?"

Mama akaniita kwa kidole. Akanikalisha kwenye kigoda, akaegemeza paji langu kwenye ule ubavu wa moto unaonuka majani na samadi, nikaanza kuvumisha. Ilitoka sauti nyembamba, ya puani. Ng'ombe akachezesha mguu. Nyuma yangu Mama akapitisha mkono, akaweka kiganja kifuani pangu.

"Siyo kooni," alininong'oneza. "Ishushe hapa. Mwambie upo, basi."

Akakandamiza, sauti ikashuka. Akalegeza, ikapanda. Nilihisi kiganja chake ndicho kinachoimba, mimi natoa pumzi tu. Halafu ule ubavu ukalegea chini ya paji langu, na maziwa yakashuka. Mvumo wa Mama ulikuwa zizini, mzima kabisa, na mdomo wake haukuwa umetoa hata mlio. Shangazi alinyamaza, jambo ambalo sijaliona tena.

Sauti ya Mama ilirudi baadaye, lakini si ile. Ina mkwaruzo, na ikipanda hukatika. Leo naishi Katesh, na simu yangu imejaa sauti za watu: wateja wanaoagiza mzigo, mazoezi ya kwaya, mwanangu akijifunza kuhesabu. Ile ya zamani ya Mama haimo, kwa sababu wakati ule nyumbani kwetu hapakuwa na simu ya kurekodia. Jioni nyingine hunipigia, tukamaliza habari za mvua na mahindi, kisha husema, "Haya, vumisha kidogo." Nafunga mdomo, naishusha kifuani. Jana nilipomaliza kulikuwa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, nikamwita.

"Nipo," akasema kwa mkwaruzo wake. "Nilikuwa najisikiliza."