Jovin na Nyumba Yenye Usukani

Shemeji yangu Jovin ni fundi cherehani wa minadani. Amemwoa dada yangu Mackrine, na miaka yote ya ndoa yao wamekuwa wakiifuata minada ya Karagwe na Kyerwa: leo Chonyonyo, keshokutwa Songambele, wiki ikigeuka wako kwetu Bweranyange. Anashona sare za shule, anapunguza suruali za mitumba, anabadilisha zipu huku mteja akimsubiri nyuma ya pazia amejifunga kanga ya kuazima. Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yanaweza kumfanya aonekane vingine.

Zamani nyumba yao ya safari ilikuwa tela. Tela la bati lenye kitanda, kabati na dirisha la kioo, likivutwa na pikapu ya milango minne. Jovin alilipenda sana, ila hakuwahi kujua kulirudisha nyuma. Akiingiza rivasi, pikapu inakwenda kulia, tela linakwenda kushoto, na yeye anamlaumu Mackrine aliyesimama nje akimwelekeza. Basi akaacha kabisa kurudi nyuma. Akipitiliza mnada, anaendelea mbele mpaka apate uwanja wa kanisa wa kugeuzia. Kuna wateja wa Chonyonyo waliomwona akipita na suruali zao, akawapungia mkono, akapotea.

Kilicholiua tela ni mlima. Siku hiyo walikuwa wakitoka Chonyonyo, ndoano ya kuvutia ikafyatuka. Tela likashuka taratibu kwa kurudi nyuma, jambo ambalo Jovin hakuwahi kuliweza, likaingia kwenye shamba la mtu na kuegemea mgomba. Yeye hakujua. Alikuwa akiimba pamoja na kwaya ya redioni. Mwenye bodaboda mmoja ndiye aliyemkimbiza mpaka akamfikia, akamgongea kioo.

"Mzee, nyumba yako imebaki kule," alimwambia. "Na kuna mama ndani anakutaja vibaya."

Mama huyo alikuwa dada yangu. Alikuwa ndani ya tela akikunja mashati. Walipofika nyumbani alisema neno moja tu: hatapanda tena kitu ambacho dereva wake hajui kama kipo.

Ndivyo tela na pikapu vilivyouzwa, ikaja Haisi fupi ya zamani, basi dogo la abiria. Fundi wa kuchomelea wa Omurushaka, Xaveri, akaigeuza nyumba. Nyuma akaweka kitanda cha chuma kilichoshikamana na sakafu, chini yake droo za vitambaa. Ubavuni meza ya kukunja ya cherehani, jiko dogo la gesi, na pazia la maua la Mackrine. Jovin alitembea nayo kifua mbele. Aliirudisha nyuma hata pasipokuwa na sababu, ili tu watu wamwone.

Kisha akaifanyia sherehe ya kuhamia. Si ya gari, ya nyumba. Aliita majirani, akapika ndizi, pombe ya rubisi ikanyweka, padri akanyunyiza maji ya baraka na kuwaombea wote watakaolala humo. Watu walileta zawadi kama za nyumba nyingine yoyote. Mama yetu, Ma Placidia, alituma kuku na kahawa za kutafuna, yeye mwenyewe hakuja. Tulidhani nyonga zinamsumbua.

Sasa nieleze. Kwetu mama mkwe hakai chumba kimoja na kitanda cha mkwewe. Hakioni, hakigusi, hajui kinatandikwa shuka gani. Enzi za tela hapakuwa na taabu: tela lilikuwa nyumba, pikapu ilikuwa gari. Mama alipanda kiti cha nyuma cha pikapu, nyumba ikamfuata huko nyuma na mambo yake. Jovin alikuwa amevichukua vitu hivyo viwili akavifanya kimoja, na katika ukoo mzima hapakuwa na mtu aliyewaza maana yake, isipokuwa mama.

Tuliijua asubuhi ya harusi ya Therese, binti yao mkubwa. Harusi ilikuwa nyumbani kwa akina Jovin, Songambele. Bibi harusi wetu haondoki nyumbani kabla ya kupakatwa na wakubwa wake na kubarikiwa, na Therese alikwisha sema kwamba asipopakatwa na bibi yake hainuki kitini. Mama alimlea yule mtoto tangu alipoacha ziwa, wazazi wake wakiwa minadani. Kaka yetu alitaka kukodi gari la kumchukua mama. Jovin akakataa, akasema aibu gani hiyo, mkwe ana nyumba inayotembea halafu mama yake apande gari la kukodi.

Akaja Bweranyange amevaa suti aliyojishonea. Akasimama mbali, akainamisha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," alisema mama. Alikuwa amejifunga kitenge kipya. Akaitazama Haisi, kisha akanigeukia mimi. "Salvina, mwambie mkwe wangu kwamba gari lake ningepanda. Chumba chake siingii."

Jovin alicheka, akidhani ni utani. Mama akaketi kwenye kigoda, akaweka fimbo mapajani. Hapo Jovin akaacha kucheka.

Akafunga pazia la maua. Mama akasema pazia halifanyi kitanda kuwa meza. Nikapendekeza kiti cha mbele. Mama akaniuliza kama nimerukwa na akili, akae bega kwa bega na mkwe, kitanda kikiwa mgongoni. Jovin akasema kwa upole kwamba, kwa kweli, hili ni gari, lina hata namba.

"Salvina, muulize," alisema mama. "Padri alibariki gari au nyumba?"

 Nilimwonea Jovin huruma, lakini nilikuwa na hasira pia, kwa sababu ile rubisi ya sherehe niliibeba mimi kichwani. Magari mengine ya kijijini yalikuwa yameondoka kwenda kwenye komunyo ya kwanza. Bodaboda mama hawezi, kwa zile nyonga. Simu ya Jovin ikalia, akaiweka sauti ya nje.

"Baba, mko wapi?" Alikuwa Therese, analia. "Upande wa bwana harusi wamefika. Wanasema padri hatasubiri. Mimi siondoki bila bibi."

Jovin aliitazama simu, akamtazama mama, akaitazama Haisi. Kisha akavua koti la suti, akanipa nilishike, akaenda kwa jirani kuazima msumeno wa chuma.

Xaveri hakufanya kazi ya kubahatisha. Jovin alikata mguu mmoja wa kitanda mpaka shati likamganda mgongoni, na ilibaki mitatu. Mama aligeuza kigoda akatazama migomba, asije akaona godoro likitoka. Mimi nilishika kitanda kisicheze, nikamwambia shemeji yangu maneno ambayo siku ya harusi hayafai kusemwa. Yeye alikata tu.

Kitanda kilipotoka, ikawa shida nyingine. Hakiwezi kuachwa pale. Kitanda cha mkwe kulala uani kwa mama mkwe ni vibaya kuliko yote tuliyokuwa tukiyakwepa. Tukakipandisha juu ya paa, na godoro lake, na shuka zake nyekundu, tukafunga kwa kamba ya mbuzi. Mama akainuka, akashika fimbo yake.

"Kilicho juu ya bati sikioni," alisema, akapanda.

Tuliingia Songambele Jovin akipiga honi tangu barabarani. Mama alishushwa, akaketi mkekani, Therese akapakatwa pamoja na gauni lake lote, na mama akambariki kwa Kinyambo mpaka wote wawili wakalowa machozi. Nami nililia. Siku ilikuwa imepona.

Wakati huo upande wa bwana harusi walikuwa nje, wanaangalia paa la Haisi. Waliona kitanda cha chuma, godoro na shuka nyekundu, vimeletwa na baba wa bibi harusi siku ya harusi. Wangefikiri nini kingine? Vigelegele vikapasuka. Wanaume wanne wakakata kamba, wakakishusha, wakakipakia kwenye lori lao wakiimba. Mmoja aliona miguu imekatwa, akasema kwamba kuchomelea si kazi.

Therese alitoka, akakiona kitanda kwenye lori, akamrukia baba yake shingoni.

"Baba, hata kitanda chenu?"

Mackrine alimtazama mumewe. Mimi nilimtazama mumewe. Jovin akampapasa mtoto mgongoni.

"Ni chako, mwanangu," alisema.

Lori likaondoka na kitanda, gari la bibi harusi likafuata. Jovin alibaki amesimama barabarani bila koti, machozi yanamtiririka. Nikamsogelea na koti lake.

"Shemeji, unalilia kitanda au unamlilia mtoto?"

Akajifuta kwa mkono wa shati.

"Vyote, shemeji," alisema. "Vimeondoka siku moja."