Jembe ya Mahari na Bomba Yangu

Wenzangu, leo nimetupa bomba yangu mu choo.

Ile bomba ya chuma yenye kupeleka upepo wa mvukuto kwenye moto. Mi ni mufua chuma; bila hiyo, fuawe yangu mpya, hii ya kugongea chuma, ni kiti tu.

Sikilizeni kwanza.

Wiki nzima jirani yangu, Papa Odeta, ananichungulia kwenye uzio. Nikigonga chuma, anakuja. Nikinyamaza, anaondoka.

Na huku Kinama, na hii vita, mutu akisikia nyundo kwako anafikiri unatengeneza bunduki. Askari akiona bomba kama mtutu, utamueleza nini?

Leo asubuhi namuona anakuja kwangu mbiombio na wanaume wawili, siwajui.

Nikakimbia nyuma ya nyumba. Bomba ndani ya choo, mlango nikafunga.

Wageni wakaingia, wakavua kofia!

"Ndugu yangu, hawa ni shemeji zangu," Papa Odeta akasema. "Kijana wetu anaoa. Tunataka jembe ya mahari, ya kufuliwa kwa mkono. Ya duka, wakwe watatucheka. Nilikuwa naangalia kama kweli unajua kazi."

Nilicheka sana. Eti mi nilimuona mpelelezi!

Tukapatana Jumamosi. Shemeji wakatangulia kutoka.

Papa Odeta akabaki, akaniinamia sikioni:

"Lakini utaifua namna gani, na bomba iko mu choo?"

Wenzangu. Yeye alikuwa mbele, choo iko nyuma, mlango nilifunga.

We ungekuwa mi, hiyo jembe ungeifua?